Kati ya Tanga na KIA: Saa za Shume hupotelea mlimani

*Kilomita 288 za anga zinatenganisha viwanja viwili vya ndege vya kaskazini mashariki. Kwa mkulima, mgonjwa na msafiri wa nyanda za juu za Lushoto, safari huamuliwa kabla hajafika Mombo.*

Na Mwandishi Wetu

Siku ya soko Lukozi, wilayani Lushoto, shughuli huchanganya kuanzia adhuhuri. Kabeji hupita mkono kwa mkono kutoka chini hadi kwa kijana aliyesimama juu ya Fuso, naye huzipanga safu kwa safu bila kuacha pengo. Pembeni, magunia ya viazi yanashonwa midomo kwa kamba, mengine yamefungwa lumbesa licha ya makatazo ya miaka yote. Karoti zimeoshwa zikang'aa.

Ukungu ukianza kuteremka kutoka upande wa msitu wa Shume, madereva hutazama saa. Wakichelewa kuondoka, giza litawakuta kwenye kona za Soni. Wakiwahi, watafika Dar es Salaam kabla hakujapambazuka, wakati wachuuzi wanapoyazunguka malori kutafuta mzigo mpya.

Katika pilikapilika hizo wapo watu wenye safari za namna nyingine. Kuna mgonjwa aliyebeba barua ya rufaa ya KCMC, hospitali ya Moshi. Kuna kijana anayekwenda kumpokea ndugu yake anayetua KIA, Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Kuna mgeni aliyemaliza matembezi yake milimani na tiketi yake ya ndege ni ya kesho. Wote hushukia njia moja, na wakifika Mombo, njia inagawanyika: kulia ni Same, Moshi na KIA, kushoto ni Korogwe, Segera na Tanga.

Shume, katika nyanda za juu za Lushoto, iko kati ya viwanja viwili vya ndege. Kwa mstari ulionyooka, Uwanja wa Ndege wa Tanga uko takriban kilomita 105 kutoka Shume, na KIA takriban kilomita 190. Kwa barabara, Tanga inakuwa karibu kilomita 200, na KIA zaidi ya 300.

Gazeti hili lilitaka kujua jambo moja: viwanja hivyo viwili viko mbali kiasi gani kimoja na kingine, kwa kilomita na kwa saa, na je, kuviunganisha kwa ndege ya moja kwa moja kungemsaidia mtu wa Shume? Jibu la swali la kwanza ni la hesabu tu. La pili lina uzito, kwa sababu linagusa fedha za umma zinapopaswa kuanzia.

Hesabu ya anga, hesabu ya lami

Ukinyoosha mstari kutoka uwanja wa Tanga hadi KIA, unapata kama kilomita 288. Mstari huo hauigusi Shume. Unapita kaskazini yake, juu ya tambarare za Umba na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kisha unavuka milima ya Upare na kuingia Kilimanjaro.

Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, inayokwenda kama kilomita 300 kwa saa, ingetumia karibu saa moja. Ndege kubwa zaidi yenye mapanga, mfano wa Q400 ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016, ingemaliza safari hiyo kwa dakika 40 hivi pamoja na kupaa na kushuka.

Kwa barabara, umbali huohuo unakuwa karibu kilomita 390. Kutoka Tanga unakwenda magharibi hadi Segera, kilomita zaidi ya 70, ndipo unapogeuka kaskazini kuifuata barabara kuu: Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, Moshi. Mabasi yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na 50 yanapopita kwenye makazi ya watu, na makazi katika njia hii hayaishi. Ukijumlisha vituo, mizani na ukaguzi, abiria hukaa ndani ya basi saa saba au nane.

Mwenye haraka na fedha anafikiria ndege. Hapo ndipo jiografia ya usafiri wetu wa anga inapomshangaza. Kwa miaka mingi safari za ratiba kutoka Tanga zimekuwa zikielekea Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Anayetaka KIA huruka kwanza karibu kilomita 200 kuelekea kusini, hushuka Dar es Salaam, husubiri, kisha hupanda ndege nyingine ya karibu kilomita 450 kurudi kaskazini. Jumla ni kama kilomita 650 za anga kwa safari ya kilomita 288.

> Abiria wa Tanga anayekwenda KIA kwa ndege kupitia Dar es Salaam hupaa umbali unaozidi mara mbili ule wa mstari ulionyooka.

Akibahatika, muda wake angani haufiki saa mbili na nusu. Lakini kusubiri kati ya ndege na ndege kunaweza kumla mchana mzima, na wakati huo abiria wa basi aliyeondoka Tanga alfajiri tayari anaiona Moshi.

Mjerumani aliizunguka milima

Kwa nini pwani ya Tanga na Kilimanjaro hazijawahi kuunganishwa kwa mkato? Sehemu ya jibu iko kwenye reli.

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga, chini ya Wajerumani, katika miaka ya mwanzo ya 1890. Ulikwenda kwa kusuasua: Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905. Mwaka 1911 njia ilifika Moshi, kilomita 352 kutoka baharini. Wahandisi hawakupambana na milima ya Usambara. Waliizunguka kwa kusini, wakalifuata bonde la Pangani na Mkomazi chini ya genge la milima. Barabara kuu ya leo inafuata ushoroba huohuo.

Shume ikabaki juu, mita karibu 2,000 kutoka usawa wa bahari, ikiitazama reli kwa chini. Na hapa kuna kisa ambacho vijana wengi wa Lushoto hawajasimuliwa ipasavyo.

Wakati huo misitu ya Shume ilikuwa na mitarakwa mikubwa, mti wa mbao yenye harufu, uliotafutwa sana Ulaya. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga kiwanda cha mbao mahali palipoitwa Neu-Hornow, huko huko Shume. Swali likawa namna ya kuzifikisha mbao relini. Barabara ya kuzunguka ilikuwa ndefu na mbovu. Kampuni ikaagiza kutoka kwa mafundi wa Adolf Bleichert wa Leipzig njia ya waya wa chuma uliotandazwa angani juu ya nguzo, na mbao zikawa zinateremka zikining'inia kutoka Shume hadi kituo cha reli cha Mkumbara, kaskazini ya Mombo.

Njia hiyo ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 9, na kimo kilichoshukwa kilikaribia mita 1,500. Katika zama zake ilitajwa miongoni mwa njia za waya zenye mteremko mkali kuliko zote duniani.

Njia yenyewe haipo tena, lakini inafundisha. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliyetaka mali ya Shume alielewa kwamba tatizo halikuwa safari ndefu ya kwenda baharini. Tatizo lilikuwa kushuka mlima. Alipolimaliza hilo, reli iliyobaki ilimfikisha Tanga bila shida. Aliyatumia maarifa hayo kuuvuna msitu na kuupeleka kwao, na hilo ni dhuluma isiyopambwa. Hesabu yake ya umbali, hata hivyo, ilikuwa sahihi.

Ndege zikafuata pwani

Usafiri wa anga ulipofika, haukuibadili ramani hiyo. Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, iliunganisha Nairobi na miji ya pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. East African Airways, iliyoanza kazi mwaka 1946, ilirithi mkondo huo. Tanga ya enzi za mkonge ilikuwa na sababu zote za kuwa na ndege, maana mameneja wa mashamba, barua na fedha za mishahara vilipita hapo.

Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa Desemba 2, 1971, wakati Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali. Ulikusudiwa kumleta mtalii kutoka Ulaya moja kwa moja hadi mlangoni mwa Serengeti na Mlima Kilimanjaro. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600. Ile ya Tanga kwa muda mrefu haikufikia hata nusu ya urefu huo, na ndiyo maana imezoea ndege ndogo.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na East African Airways kufa nayo, Tanzania ilianzisha shirika lake. Mkonge nao ulikuwa ukianguka. Tanga ikapungukiwa abiria wa ndege, KIA ikaendelea kukua kwa watalii, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kibiashara ya kuvifunga viwanja hivyo viwili kwa uzi mmoja.

Sababu hiyo sasa inaonekana kurudi. Bandari ya Tanga imeongezwa kina na kupokea meli kubwa. Chongoleani, kando ya jiji hilo, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Wahandisi, wakandarasi na mabenki hawapendi kukaa saa nane ndani ya gari. Wadau wa utalii nao wanaona mnyororo unaokosa pingili moja: mgeni aliyemaliza Serengeti angeweza kuruka KIA hadi Tanga, akaenda Pangani, Amboni, Saadani au Pemba, bila kupitia Dar es Salaam.

Hoja hiyo ni ya kweli. Kwa mkazi wa Tanga mjini, ndege ya moja kwa moja ingeigeuza safari ya saa nane kuwa ya saa tatu, ukihesabu muda wa kufika uwanjani na kusubiri. Hilo ni badiliko kubwa katika maisha ya jiji.

Saa saba kwa saba

Sasa tumrudie mtu wa Shume, na tumpigie hesabu kwa uaminifu.

Kutoka Shume hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 30, kupitia Lukozi na Magamba. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, kupitia Soni. Jumla ni kilomita 63. Siku kavu, kwa magari ya abiria yanayosimama kupakia na kushusha, mpe saa mbili na nusu. Huo ni mwendo wa kilomita 25 kwa saa.

Akigeuka kushoto, atahitaji saa nyingine mbili na nusu kufika Tanga. Ametimiza saa tano. Mpe saa moja uwanjani na saa moja ya Caravan angani. Anatua KIA akiwa ametumia saa saba tangu aondoke nyumbani.

Akigeuka kulia pale Mombo na kubaki na basi lake, atahitaji saa nne na nusu hivi kufika njia panda ya KIA. Jumla, saa saba.

> Ndege ya moja kwa moja kati ya Tanga na KIA isingempunguzia mtu wa Shume hata saa moja. Ingemwongezea nauli.

Ni lazima hesabu hii isemwe wazi, kwa sababu mijadala ya maendeleo ya mkoa wa Tanga huwa inawaweka wote kwenye kapu moja, wa pwani na wa milimani. Mkoa ni mmoja, lakini saa zake si moja. Uwanja ukipanuliwa Tanga, manufaa ya mtu wa Chumbageni, mjini Tanga, hayafiki Manolo huko milimani kwa sababu tu wote wanaandikiwa mkoa uleule kwenye kitambulisho.

Kuna jambo jingine ambalo ramani inalionyesha na wachache hulitaja. Kwa mstari ulionyooka, uwanja wa ndege wa Mombasa uko takriban kilomita 170 kutoka Shume, karibu kuliko KIA. Lakini kuufikia kwa barabara ni kushuka Mombo, kwenda hadi Tanga, kisha kukata kilomita nyingine 65 hadi mpaka wa Horohoro, na bado safari ndani ya Kenya inakusubiri. Kila uwanja unaoonekana jirani unazuiwa na kilomita zilezile 63 za mwanzo.

Kabeji haipandi ndege

Wapo wanaoamini kwamba mboga za Lushoto zingetajirisha watu kama zingepakiwa kwenye ndege. Fikra hiyo inahitaji kuchambuliwa, kwa kuwa ndani yake mna ukweli na ndoto.

Caravan hubeba mzigo wa tani moja na kidogo. Hayo ni magunia kumi hivi ya viazi. Fuso moja ya Lukozi hubeba mara kadhaa ya hapo kwa gharama ndogo mno. Kabeji, viazi na karoti ni mazao mazito ya bei ya chini kwa kilo, kwa hiyo yatabaki kuwa mali ya lori, na hakuna aibu katika hilo.

Yanayoweza kupanda ndege ni mazao mepesi yenye bei: njegere za maganda, maharage machanga, viungo vya majani, matunda laini. Hayo hali ya hewa ya Shume inayapenda. Na yanaruka kutoka KIA, si Tanga. Mwaka 2023 Air Tanzania ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767 yenye uwezo wa tani 54. Hata hivyo sehemu kubwa ya maua na mboga za Arusha na Kilimanjaro imekuwa ikivushwa kwa malori mpaka Namanga kwenda kupandishwa ndege Nairobi, kwa sababu Nairobi ndege ni nyingi na nauli ya mzigo ni nafuu. Chama cha wakulima wa mazao ya bustani, TAHA, chenye makao yake Arusha, kimelipigania suala hilo miaka mingi.

Kama mkulima wa Usa River aliye karibu na KIA anaona heri lori liende Nairobi, mkulima wa Manolo ana safari ndefu zaidi ya kuwaza.

Adui wake mkubwa si kilomita 300. Ni joto. Njegere iliyochumwa asubuhi kwenye ubaridi wa Shume hushuka ndani ya saa mbili na nusu mpaka Mombo, kimo cha mita 400 hivi, ambako jua la mchana halina huruma. Isipopozwa pale, kila saa ya kuelekea Moshi inapunguza siku ambazo zao lingekaa dukani likiwa bichi. Mnunuzi wa Ulaya hataki kujua kona za Soni ni ngapi. Anapima ubichi, na zao likishuka daraja, hasara humrudia mkulima.

Mombo kuna barabara kuu na kuna reli. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejeshwa Desemba 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka 20, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, chumba kimoja kikubwa cha baridi pale Mombo kingemfaa mkulima wa Shume kuliko mita zozote zitakazoongezwa kwenye njia ya kurukia ndege.

Mgonjwa hana muda wa ratiba

Katika yote, safari ya mgonjwa ndiyo inayouma.

Anayezidiwa Shume hupelekwa hospitali ya wilaya Lushoto. Akihitaji huduma kubwa zaidi, njia ni mbili: Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Tanga, au KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, mwaka uleule wa KIA. Ndugu hupima mambo mengi kabla ya kuchagua: ugonjwa, fedha, na kama kuna jamaa wa kuwapa mahali pa kulala. Lakini popote waendapo, mama mjamzito aliyepata matatizo usiku lazima ashushwe kwenye zile kona za Soni, na kama mvua imenyesha, lazima dereva aombe njia isiwe imefungwa.

Masika, udongo wa Usambara hulainika na kingo huporomoka. Mawe na miti huziba barabara ya Mombo hadi Lushoto, ambayo ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo. Ikifungwa, hakuna mlango wa pili wenye lami. Malori yanalala na kabeji zake, gari la wagonjwa linasubiri katapila.

Huduma ya Madaktari Warukao, iliyoanzishwa mwaka 1957 na daktari Michael Wood na wenzake, ilizaliwa kwa ajili ya watu wasiofikika kwa barabara. Ndege zao huhitaji kiwanja cha kutua, na miteremko ya Shume haitoi eneo tambarare kwa urahisi. Helikopta inaweza kutua, lakini mwanakijiji wa kawaida hawezi kulipia helikopta.

Pande zinazovutana

Wanaotaka uwanja wa Tanga uwe na ndege za KIA wana hoja ya jiji, bandari na utalii. Wanasema barabara nzuri haijawahi kumzuia mtu kujenga uwanja, na kwamba mkoa wenye bandari ya kimataifa hauwezi kuendelea kutegemea ndege za viti 12 au 13.

Mashirika ya ndege yana lugha yao. Swali lao ni viti vingapi vitajaa Jumatano ya kawaida, nje ya msimu wa watalii. Ndege ikiruka nusu tupu, mafuta hayapungui kwa nusu. Bila uhakika wa abiria, njia mpya hufunguliwa kwa shangwe na kufungwa kimyakimya.

Upande wa tatu ni wa watu wa milimani wanaodai barabara kwanza. Kwa miaka wameahidiwa barabara mbadala ya Dochi, Ngulwi hadi Mombo, yenye urefu wa kama kilomita 16, ambayo ingewapa njia ya pili ya kushuka pale ile ya Soni inapofungwa. Barabara za ndani ya vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na zile kubwa chini ya TANROADS. Mkulima hajali kibao ni cha nani. Anajua kwamba bodaboda iliyobeba magunia mawili ikizama kwenye tope, sokoni atauza kwa bei ya jioni.

Na upo upande wa nne usiopiga kelele: msitu. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, na Shume kuna shamba la miti la serikali lenye misindano na mikaratusi. Kuukata mlima ili kupanua barabara ni kuulegeza udongo uleule unaoporomoka. Vyanzo vya maji vinavyomwagilia mboga za Lushoto na mpunga wa Mombo vinatoka kwenye misitu hii. Anayedai barabara pana bila kutaja kuta za kuzuia udongo, mifereji na miti ya kushikilia kingo, anadai maporomoko ya kesho. Ujenzi wa milimani ni ghali kwa sababu hiyo, na gharama hiyo isikwepwe kwa kujenga nusunusu.

Saa moja inayowafaa wote

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kucha, baada ya zuio la takriban miongo mitatu. Barabara kuu ya Korogwe hadi Same nayo ilikarabatiwa miaka ya 2010. Hatua hizo zimefupisha safari ya mtu wa bondeni. Mtu wa Shume anazifaidi akishafika Mombo.

Chukulia sasa kwamba zile saa mbili na nusu za kushuka zimekuwa saa moja na nusu. Saa hiyo moja itaokolewa na mgonjwa anayekwenda Bombo, na anayekwenda KCMC. Itaokolewa na Fuso ya Dar es Salaam, na njegere za KIA. Itaokolewa na mwanafunzi, na mgeni wa hotelini, na abiria wa ndege ya Tanga siku itakapokuwepo. Hakuna uwekezaji mwingine katika mjadala huu unaomfikia kila msafiri wa Shume bila kumuuliza anakwenda wapi.

> Ukifupisha njia ya kushuka mlima, umekisogeza kila kiwanja cha ndege karibu na Shume.

Ndege ya Tanga hadi KIA inastahili kujaribiwa, kwa sababu Tanga mjini inaihitaji na utalii wa pwani utaifurahia. Ijaribiwe kwa ndege ndogo, mara chache kwa wiki, na takwimu za abiria ziwekwe wazi kabla ya kumwaga fedha nyingi. Lakini isitolewe kama jibu la wakulima wa nyanda za juu, maana si jibu lao.

Kwa wabunge wa Lushoto na Mlalo, kwa Wizara ya Ujenzi na kwa wanaopanga bajeti ya mkoa wa Tanga, ombi la makala haya ni la mambo matatu, kwa mpangilio huu. Barabara mbadala ya Dochi, Ngulwi hadi Mombo ijengwe, ikiwa na kuta na mifereji inayostahimili masika. Kipande cha Lushoto, Magamba, Lukozi hadi Shume kipitike mwaka mzima. Chumba cha baridi kijengwe Mombo, mahali ambapo barabara na reli zinakutana. Ndege zifuate baada ya hapo.